Broken China ya Richard Wright: kuna mwenzangu anayeisikiliza?

Cherehani na Kinanda

Wakuu, habari za jioni. Naomba kuuliza, maana hapa mtaani sina wa kumuuliza.

Kuna anayeifahamu kwa undani albamu ya Broken China ya Richard Wright, yule mpiga kinanda wa Pink Floyd, kundi la roki la Uingereza? Ilitoka mwaka 1996. Tangu Mei naisikiliza karibu kila usiku na kuna vitu vya upande wa kinanda bado vinanipita.

Nijieleze ili mjue natokea wapi. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Majengo hapa Dodoma mjini, na Jumapili napiga kinanda kwenye kwaya. Kinanda chenyewe ni Yamaha PSR ya vitufe 61. Mpiga kinanda wa kwaya mnajua anatakiwa afanye nini: ajaze. Waimbaji wakivuta pumzi, wewe unapenyeza vidole. Mwalimu akinyoosha mkono, wewe unapanda. Nimejifunza hivyo tangu nina miaka 15, na nikisifiwa nasifiwa kwa hilo: "kijana ana vidole".

Albamu niliikuta kwenye flashi ya mteja wangu, mtumishi aliyehamia Dodoma na wizara yake. Alipohamishiwa Mwanza aliniachia ile flashi, akasema, "Ya Wright isikilize ukiwa peke yako."

Mara ya kwanza niliona haina kitu. Wimbo wa kwanza, Breaking Water, hauna mwimbaji. Sauti zinafunguka taratibu kama mtu anayevuta pazia akiogopa kumwamsha aliyelala. Nikaruka wa pili, nikaruka wa tatu, nikazima nikaendelea na sare za shule.

Mwezi huohuo dada yangu mkubwa akaja kukaa kwangu kutoka Manyoni. Alikuwa haongei. Hakuwa amenuna wala hakuwa na ugomvi na mtu, hamu ya kusema ndiyo ilikuwa imemwisha. Asubuhi namwamkia, anaitika marahaba, imeisha hiyo hadi kesho. Chakula anakigusa tu. Jirani mmoja akasema karogwa, mwingine akasema ni uvivu wa mjini. Kliniki wakasema sonona. Na Dodoma hii mnaijua, jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, limegeuzwa tusi la mtaani, kwa hiyo hata kumpeleka kliniki tulitoka alfajiri watu wasituone. Hilo bado linaniuma.

Chumba changu na chake vinatenganishwa na ukuta wa tofali usiofika kwenye bati. Ninachokisikiliza mimi, anakisikia. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikawa nakanyaga cherehani kwa taa ya chemli na simu naipigisha kwa spika yake ndogo. Nyimbo za flashi nilikuwa nimezihamishia kwenye simu, zikafuatana zenyewe mpaka zikaingia za Wright. Mikono ilikuwa imeshika kitambaa, sikuruka wimbo. Zikapita tisa, kumi. Wimbo wa kumi ni Far from the Harbour Wall, zaidi ya dakika sita. Ulipoisha nikanyoosha mkono nizime nilale. Kutoka upande wa pili wa ukuta nikasikia, "Usizime."

Lilikuwa neno la kwanza nililosikia kwake bila kuulizwa kwa siku kumi na moja.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba albamu yenyewe inahusu sonona. Mke wa Wright, Millie, aliugua, naye akaitengeneza kutokana na yale waliyoyapitia, maneno mengi yakiwa ya Anthony Moore. Nyimbo 16 katika sehemu nne: utoto, ujana, ugonjwa, kupona. Hata jina ni hilohilo, chombo cha kaure kilichovunjika. Sikujua lolote kati ya hayo usiku ule, na dada yangu Kiingereza hakijui.

Maswali yangu sasa. Huyu mzee anafanya nini hasa na kinanda chake hadi kinasikika kimejaa wakati vidole havitembei? Nimejaribu kumfuata kwenye Yamaha yangu, nikishika kodi (noti kadhaa kwa pamoja) na kuiacha inasikika kama nimesahau wimbo. La pili: kwa nini nyimbo za upande wa ugonjwa, kama Black Cloud na Drowning, hazina maneno?

Naomba majibu ya watu walioisikiliza.

Fundi Spika Nkuhungu

Mkuu, umenifurahisha. Nilidhani niko peke yangu Dodoma nzima.

Nianze na la kinanda, ndiyo kazi yangu, mimi nafunga vyombo kwenye makanisa na kumbi. Kosa letu ni mkono wa kushoto. Tumefundishwa kodi kamili, d m s (do, mi, so), na chini tena d ya kukazia. Kwenye Broken China besi anapiga Pino Palladino, na Wright anamwachia ile d. Yeye anakaa juu. Jaribu hivi: mwambie mpiga besi wenu ashike d, wewe shika m, t na r (mi, ti, re) tu, vidole vitatu, kwa mpangilio huo kwenda juu. Usiguse d. Utasikia kodi imefunguka, kama chumba kilichoondolewa kabati.

Hayo mambo aliyatoa kwenye jazi. Mwenyewe alishaeleza kwamba kodi moja maarufu ndani ya wimbo wa Breathe wa Pink Floyd aliitoa kwenye Kind of Blue, albamu ya jazi ya Miles Davis. Kwa hiyo ukitaka kumwelewa Wright, usitafute wapiga roki wenzake, msikilize mpiga piano Bill Evans ndani ya hiyo Kind of Blue.

Pili, sauti yako inaanza kwa kishindo. Stringi za PSR (zile sauti za fidla) zinapiga papo hapo unapobonyeza. Kama modeli yako inaruhusu kurekebisha Attack, ipunguze kasi ili sauti ichelewe kuja, na Release iwe ndefu ili ibaki kidogo ukiinua kidole. Halafu changanya sauti mbili, stringi na pedi (ile sauti laini ya kujaza nyuma), sauti ya stringi ikiwa ndogo. Wright alikuwa anapanga sauti hivyo tangu zamani, ogani ya Hammond chini, stringi juu, Minimoog, kinanda cha umeme, ikipita katikati na mstari mmoja tu.

Na badilisha kodi kwa kusogeza kidole kimoja. Viwili vibaki palepale. Hapo ndipo utaacha kusikika kama umesahau wimbo, maana msikilizaji anasikia kitu kimesogea.

Sikiliza Interlude, wimbo wa nane. Ni piano, dakika moja na sekunde chache. Mimi nikimfundisha kijana kinanda naanza na huo. Kila noti inasubiri iliyotangulia iondoke kwanza.

Mzee wa Kaseti

Vijana, salaam. Mimi nitakuwa tofauti kidogo.

Broken China ni nzuri, lakini kwangu ni baridi. Ngoma nyingine zina usafi wa miaka ya tisini ambao haunigusi, ingawa Manu Katché ni mpiga ngoma wa hali ya juu. Ukitaka kumsikia Wright mwenyewe, rudi kwenye albamu yake ya kwanza, Wet Dream, ya mwaka 1978. Jina lisikukwaze. Ilirekodiwa studio ya Super Bear, kusini mwa Ufaransa, gitaa Snowy White, saksafoni na filimbi Mel Collins. Nyimbo kumi. Ile ina jua na upepo wa bahari, unasikia watu wamekaa chumba kimoja wanapiga pamoja.

Lakini jua lake lina kivuli. Mambo yake na Pink Floyd yalikuwa yanaelekea ukingoni. Mwaka uliofuata, wakati wa kurekodi albamu yao The Wall, walimtoa kwenye kundi, na ziara ya 1980 na 1981 akaipiga kama mtu wa kulipwa mshahara. Mtu aliyewatungia wimbo wa The Great Gig in the Sky! Kwa hiyo unaposikia kwenye Wet Dream ile sauti yake nyembamba, inayoimba kama inaomba radhi, ujue ni mtu anayeona mlango unafungwa.

Waliitoa upya mwaka 2023, imechanganywa upya na Steven Wilson. Saksafoni imesogea mbele na kinanda kimepata nafasi. Niliisikiliza mara tatu siku moja, na mimi si mtu wa kurudia rudia.

Dada yako mpe pole yangu. Na hilo la "Usizime" sitalisahau.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, asante kwa kulisema hili wazi.

Mimi muziki huo sikuwa naujua. Nimeutafuta jana baada ya kusoma ulichoandika, nikausikiliza wote, karibu saa nzima, nikiwa nachambua choroko. Nimefanya uuguzi miaka 27, na kumi na moja ya mwisho ilikuwa wodi ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo swali lako la pili nitalijibu kwa upande wangu.

Nyimbo zile hazina maneno kwa sababu mgonjwa hana maneno. Watu hudhani sonona ni huzuni. Mwenye huzuni anaweza kukusimulia kilichomtokea. Mwenye sonona nzito ukimuuliza "unajisikiaje" anatafuta jibu, halioni, na kutoliona kwenyewe kunamchosha. Nimekaa na mama mmoja wiki nzima, kazi yangu ikiwa kukunja mashuka karibu na kitanda chake. Siku ya nane akashika ncha ya shuka, tukakunja pamoja. Hapakuwa na mazungumzo. Nilipousikia ule Black Cloud nikakumbuka mashuka.

Nimeona na jambo jingine, sijui kama nyie wataalamu mmeliona. Sehemu ya tatu, ya ugonjwa, ni wimbo wa 9 hadi wa 12. Mwanamke anayeimba, Sinéad O'Connor, anapewa nyimbo mbili tu: wa 12, Reaching for the Rail, ambao ndio mwisho wa ugonjwa, na wa 16, Breakthrough, ambao ndio mwisho wa yote. Kabla ya hapo ni mume ndiye anayeimba. Yaani wakati mke amezama, mume ndiye anayesema. Mkono wa mke unapotafuta pa kushika, sauti inakuwa ya mwanamke. Aliyepanga hivyo amewahi kumuuguza mtu.

La mwisho, na hili ni la kiuuguzi. Akianza kuongea na kula, dawa asiache. Nyingi huchukua wiki kadhaa kabla hazijafanya kazi vizuri, na watu wengi huziacha hapohapo wanapoanza kuona nafuu, ugonjwa unarudi. Tarehe ya kliniki iandikwe ukutani. Na nendeni mchana.

Mjukuu wa Ilimba

Wakuu naingia kwa mlango mwingine. Mimi ni wa Chamwino, Mgogo, babu yangu alikuwa mpigaji wa ilimba, ile ala ya Kigogo ya chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, na mimi nimerithi moja yake.

Cherehani, umeuliza kinanda kinajaaje wakati vidole havitembei. Nenda kaangalie ilimba kubwa kwa karibu. Chuma unazozipiga kwa vidole gumba ni chache kuliko zilizopo. Nyingine hazipigwi kabisa. Zipo zitetemeke zenyewe jirani zake wanapopigwa. Na kwenye ubao kuna vitundu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mzito. Huo utando ndio unaotoa ule mvumo wa "zzz" nyuma ya noti. Utando ukitoboka, ilimba inalia lakini imekauka. Babu alikuwa anatafuta utando asubuhi kwenye kuta za zizi, anaubandika kwa mate, anasubiri ukauke kivulini. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni urembo.

Wright alikuwa anatafuta mvumo huohuo kwa mashine. Hizo pedi na stringi ndefu ni utando wake wa buibui.

Na tazameni mwaka. 1996 huohuo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa kwetu, alitoa albamu ya Chibite chini ya Real World, kampuni ya mwanamuziki Peter Gabriel huko Uingereza. Manu Katché aliyepiga ngoma kwenye Broken China ndiye huyohuyo aliyempigia Gabriel kwenye albamu yake So, 1986. Sisemi walikutana. Nasema kwamba mwaka ule mtu anayependa sauti zinazobaki hewani angeweza kununua zote mbili siku moja. Mimi nazisikiliza kwa kufuatanisha: Chibite jioni, Broken China watu wakishalala.

Mzee wa Kaseti, kwa heshima yote, baridi ya Broken China ndiyo haki yake. Kwetu Julai usiku kuna baridi kavu, unasikia mbwa wa kijiji cha pili. Sauti zinafika mbali kwa sababu hewa imetulia. Albamu ile ni ya hewa hiyo.

Mzee wa Kaseti

Mjukuu, hiyo ya mbwa wa kijiji cha pili imenishinda. Nitairudia leo usiku nikiwa nje.

Niongeze kitu kwa ajili ya mama muuguzi, maana alichokiona kuhusu sauti ya mwanamke mimi kilinipita miaka yote. Mwaka 2002 David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, alipiga Royal Festival Hall, London, akamkaribisha Wright jukwaani, naye akaimba Breakthrough mwenyewe. Ipo kwenye video ya tamasha hilo. Hana nguvu za Sinéad hata robo. Anaimba kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa. Wright alifariki Septemba 2008, kwa saratani, akiwa na miaka 65, na Sinéad naye ametutoka Julai 2023. Kwa hiyo sasa wimbo huo una matoleo mawili, na waimbaji wote wawili hawapo.

Cherehani na Kinanda

Shikamoo mzee, shikamoo mama. Wakuu wengine nawashukuru sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nijaribu.

Alhamisi tulikuwa na mazoezi. Kuna wimbo wetu wa kipindi cha toba, mrefu, na pale sauti ya nne inapobaki peke yake mimi huwa napiga mapambo mengi. Nilimwomba mpiga besi ashike d yake bila kuhama. Mimi nikashika m, t, r kama Fundi alivyosema, stringi na pedi, nikaviacha. Mikono ilikuwa inatetemeka, maana miaka yote hii vidole vyangu havijawahi kukaa kimya mbele ya watu. Nilipofika kwenye badiliko nikasogeza kidole kimoja, t ikashuka kwenda l. Basi.

Mwalimu wa kwaya akasimamisha. Nikajua nimeharibu. Akawageukia waimbaji wa sauti ya nne, akawaambia, "Mmesikia? Leo nimewasikia kumbe mnaimba maneno gani." Akasema turudie. Tulirudia mara nne. Mzee mmoja wa besi, ambaye huwa haachi kuongea mazoezini, alibaki amesimama na kitabu kimefungwa.

Hakuna aliyeniambia nina vidole, na nilirudi nyumbani nikitembea kwa miguu hadi mwisho ingawa bodaboda zilikuwepo.

Mama, hilo la sauti ya mwanamke nilimweleza dada. Nilimtafsiria maneno kidogo kidogo, Kiingereza changu ni cha kuungaunga, nikamwambia wa 12 ni mtu anatafuta pa kushika. Alinyamaza, kisha akasema yeye anaupenda wa 13. Huo ni Blue Room in Venice, Wright anaimba polepole, chini ya dakika tatu. Nikamuuliza kwa nini huo. Akasema, "Huyo baba hanisukumi." Halafu akavuta ungo akaanza kuchambua mchele, mawe anayaweka kwenye kifuniko cha sufuria moja moja, unayasikia, ti, ti. Mimi nimekaa na sindano mkononi sishoni kitu. Wimbo uliisha akaniambia rudia. Nimerudia mara tano. Mchele ukaisha kuchambuliwa, akaupika yeye.

Tarehe ya kliniki nimeiandika ukutani kwa chaki ya ushonaji, juu ya cherehani. Ni Jumatano. Tutaondoka saa nne asubuhi, tutapita Majengo katikati, ananisaidia kubeba vitambaa.

Mjukuu, siku ukija mjini naomba uje na hiyo ilimba ya babu. Sijawahi kuona huo utando kwa karibu, na dada kwao Manyoni anasema aliwahi kuuona akiwa mdogo.

Fundi, hiyo Attack kwenye Yamaha yangu nimeitafuta kwenye menyu yote siioni. Jumamosi uko Nkuhungu nikuletee kinanda ukiangalie?

Fundi Spika Nkuhungu

Nipo kuanzia saa tatu. Njoo na adapta yake, na ile flashi.